KUHESABU PANYA KABLA YA KUWAUA
Shauri kwa nyumba za Ndia Kuu, Mombasa

Ndia Kuu, ambayo watu wasiosema Kimvita wangeiita Njia Kuu, ni barabara ya kale katika kisiwa cha Mombasa. Huanza karibu na ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikapita katikati ya Mji wa Kale kuelekea upande wa Bandari ya Kale. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vilivyo baina yake ni vyembamba. Majengo hayo ni fahari ya watu wa Pwani, lakini humpendeza pia mgeni mmoja asiyealikwa, naye ni panya.

Sababu yake ni wazi. Ncha ya boriti inapoingia ukutani huacha mwanya. Chokaa ya kale ikimomonyoka hufanya shimo. Darini mna giza na joto. Chini mna maduka, majiko na mitaro. Panya aliyeingia nyumba moja aweza kupita nyumba hata nyumba bila kukanyaga barabara. Naye si mgeni wa jana. Mifupa ya panya wa aina ya darini imechimbuliwa huko Unguja Ukuu, katika kisiwa cha Unguja, pamoja na mabaki ya mji wa biashara uliokuwapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Vyombo vilivyoleta bidhaa kwa pepo za kaskazi vilimleta na yeye.

Mwenye nyumba akisikia mikwaruzo darini usiku, desturi yake ni kununua sumu asubuhi, kuimwaga pembeni na kungoja. Siku chache baadaye huona panya wawili watatu wamekufa, akafurahi na kusahau. Miezi miwili ikipita, mikwaruzo hurudi. Pengine sumu ile ilikuwa nzuri kabisa. Kosa ni kwamba vita vilianzishwa bila kumjua adui ni wa namna gani, yuko wapi na jeshi lake ni kubwa kiasi gani. Na vilipokwisha hapakuwa na mtu aliyejua kama vimeshinda au havikushinda. Ziko njia za kuyajua mambo hayo, na nyingi hazihitaji fedha ila kidogo, pamoja na daftari na subira.

KUKISIA SI KUHESABU

Mwaka 1909 alitokea mtu huko Uingereza, W. R. Boelter, aliyetoa kitabu juu ya panya wa nchi ile. Alikisia kwamba kila eka moja ya shamba ina panya mmoja. Kwa kuwa nchi ilikuwa na kadiri ya eka milioni 40 za mashamba, alisema panya ni milioni 40. Na kwa kuwa watu nao walikuwa karibu milioni 40, ikaenea duniani kauli kwamba kila mtu ana panya wake mmoja. Kauli hiyo ilivuka bahari hadi Marekani, na watu wa New York wakaamini kwamba mji wao una panya milioni 8. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu David E. Davis alitafuta ukweli kwa kutega mitego na kuchunguza alama katika majengo. Alipomaliza hesabu yake aliona kwamba panya wa New York wakati ule walikuwa kadiri ya 250,000 tu.

Davis na wenzake walijifunza jambo kubwa zaidi katika mji wa Baltimore. Panya walipouawa kwa sumu peke yake, wale waliobaki walipata chakula tele na nafasi tele, wakazaa, na hesabu ikarudi kama kwanza. Lakini mahali ambapo takataka zilifunikwa, mashimo yakazibwa na nyumba zikatengenezwa, hesabu ilishuka ikakaa chini. Jambo hili lisingejulikana kama wasingehesabu kabla ya kazi na baada ya kazi.

Si ajabu hesabu kurudi upesi. Panya jike hubeba mimba kwa muda wa wiki 3 hivi, huzaa watoto 6 au 8 kwa mara moja, pengine zaidi, na watoto hao huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi 3 hivi. Mtu aliyeua nusu ya panya wa nyumba yake, kisha akaacha gunia la mchele wazi, amewapunguzia waliobaki taabu ya kugawana chakula.

PANYA WA AINA TATU, NA MMOJA ASIYE PANYA

Kazi ya kwanza ni kujua ni panya gani. Katika miji ya bandari ziko aina tatu zinazokaa na watu.

Wa kwanza ni panya wa darini. Mwili wake ni mwembamba, masikio yake ni makubwa, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili na kichwa pamoja. Ni hodari wa kupanda. Hupita juu ya boriti, nyaya na matawi ya miti. Mavi yake huwa na urefu wa kadiri ya milimita 12, yenye ncha.

Wa pili ni panya wa mitaroni, mnene, mwenye masikio madogo na mkia mfupi kuliko mwili. Huyu huchimba mashimo ardhini, huogelea vizuri, na hupenda makaro na majaa. Mavi yake ni manene, butu, na huweza kufika milimita 20.

Wa tatu ni panya mdogo wa nyumbani, ambaye mavi yake ni ya milimita 3 hadi 6 tu, kama chenga za mchele. Huyu aweza kupita katika tundu la milimita 6, yaani unene wa kalamu ya risasi au pungufu.

Tena yuko mnyama mwingine ambaye watu humhesabu pamoja na panya, naye si panya. Huyo ni kirukanjia. Pua yake ni ndefu iliyochongoka, macho yake ni madogo sana, na harufu yake ni kali. Hali nafaka kama panya. Chakula chake ni mende na wadudu wengine. Mtu akikuta kirukanjia mtegoni, na amwandike mbali katika daftari, asije akaharibu hesabu.

Tofauti hizi zina maana katika kazi. Mitego iliyotegwa sakafuni kwa ajili ya panya anayekaa juu ya boriti itangoja bure. Na mtu anayeziba mtaro, hali adui yake huingia kwa waya wa umeme unaotoka nyumba ya jirani, anaziba mlango usiotumiwa na mtu.

KUSOMA ALAMA ZA MCHANA

Panya hutembea usiku, lakini huacha maandishi ambayo mtu aweza kuyasoma mchana. Yafaa kuizunguka nyumba kwa tochi, kutoka stoo ya chini hadi darini, na kuandika kila alama mahali ilipoonekana.

Mavi mapya ni laini, meusi na yang'aayo. Ya zamani hukauka, hugeuka rangi ya kijivu na hupondeka. Panya mmoja mkubwa aweza kuacha mavi kadiri ya 40 kwa siku, kwa hiyo wingi wa mavi peke yake usimtishe mtu kupita kiasi. Njia nzuri ni kuyaondoa yote, kisha kurudi baada ya siku 7. Yakionekana mapya, panya wangalipo na wanapita pale pale. Lakini mavi hayo yasifagiliwe makavu, maana vumbi lake lina hatari. Kwanza yanyunyiziwe maji yenye dawa ya klorini, yaachwe kidogo, kisha yafutwe kwa kitambaa, na mtu avae glavu na kufunika pua na mdomo.

Alama nyingine ni madoa ya mafuta. Panya hupenda kupita njia ile ile kila usiku, ubavu wake ukigusa ukuta. Manyoya yake yana mafuta na uchafu, na baada ya siku nyingi huacha mstari mweusi. Katika nyumba za Mji wa Kale mahali pa kuutazama ni chini ya boriti, hasa pale boriti inapokutana na ukuta, kwa kuwa panya anayekwenda juu ya ukuta huinama na kuzunguka kila boriti, akaacha doa lenye umbo la nusu duara.

Miti iliyotafunwa nayo husema. Mahali palipotafunwa karibuni rangi yake ni nyeupe. Palipotafunwa zamani pamekuwa peusi. Nyaya za umeme zitazamwe kwa uangalifu zaidi kuliko vitu vyote, tena umeme uzimwe kwanza. Waya uliovuliwa ngozi yake darini, katikati ya miti mikavu ya miaka mingi, waweza kuwasha moto utakaoharibu nyumba nzima na zile zilizoshikana nayo.

Mashimo ya ardhini, kwenye ua au kando ya mtaro, hujaribiwa kwa njia nyepesi. Kila shimo lizibwe jioni kwa karatasi iliyokunjwa au kwa udongo kidogo. Asubuhi yahesabiwe yaliyofunguliwa. Shimo lililozibuliwa lina mwenyewe. Lile lisiloguswa kwa siku 3 limeachwa.

Wataalamu hutumia pia tochi yenye mwanga uitwao urujuanimno. Mkojo wa panya ukimulikwa kwa mwanga huo gizani hung'aa, hata juu ya gunia. Lakini sabuni na baadhi ya nguo hung'aa vile vile, kwa hiyo aliye na tochi hii asiridhike mpaka ameona na alama nyingine.

VIBAO VYA UNGA

Baada ya kuona alama, hapana budi kupata hesabu. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya nyayo. Vikatwe vibao vidogo, au vipande vya karatasi ngumu, vya sentimita 20 kwa 20, vipakwe unga mwembamba au vumbi la chaki, na vilazwe jioni kando ya kuta, darini na sakafuni. Asubuhi vitazamwe. Mguu wa mbele wa panya huacha vidole 4, na wa nyuma vidole 5. Na mara nyingine huonekana mstari wa mkia uliokokotwa.

Hapa hazihesabiwi nyayo, maana panya mmoja aweza kupita mara 20. Huhesabiwa vibao. Mathalani, nyumba ikiwekewa vibao 30 na asubuhi vibao 12 vikawa na nyayo, hesabu yake ni 40 kwa kila 100. Ikiwa baada ya mwezi mmoja wa kazi vibao vilivyokanyagwa ni 3 tu katika 30, hesabu imeshuka hadi 10 kwa kila 100. Vibao viwe vingi sawasawa, mahali pale pale, usiku idadi ile ile. La sivyo hesabu mbili hazitalingana. Unga usichanganywe na sumu, wala vibao visiwekwe juu ya meza au rafu ya chakula.

CHAKULA CHA KUPIMA

Njia ya pili ni kuwapimia panya chakula kisicho na sumu. Visahani 10 huwekwa mahali penye alama, kila kimoja kikiwa na gramu 100 za mchele au ngano iliyopondwa. Asubuhi chakula kilichobaki hupimwa kwa mizani, na kisahani hujazwa tena hadi gramu 100.

Mtu asikate shauri kwa usiku wa kwanza. Panya mkubwa huogopa kitu kipya. Kisahani alichokipita bila kukigusa jana, pengine kesho kutwa atakimaliza. Kwa hiyo chakula kinacholiwa huongezeka usiku hata usiku, kisha husimama. Mathalani, usiku wa kwanza kililiwa kiasi cha gramu 40, wa pili 90, wa tatu 180, wa nne 290, wa tano 300, na wa sita 300. Hapo kimesimama. Panya mkubwa mmoja hula kadiri ya gramu 15 za chakula kikavu kwa usiku mmoja, au zaidi kidogo. Gramu 300 zikigawanywa kwa 15, jibu ni kwamba hapo pana panya wasiozidi 20 hivi. Panya wadogo wa nyumbani hula kadiri ya gramu 3 tu, kwa hiyo hesabu yao ni nyingine. Na hii ndiyo sababu ya kuijua aina kwanza.

Hewa ya Mombasa ina unyevu, na nafaka hunywa unyevu huo ikazidi uzito. Basi yafaa kuweka kisahani kimoja zaidi ndani ya tundu la waya lisilopitika, kikapimwa pamoja na vingine, ili ijulikane uzito umeongezeka kwa kiasi gani bila kuguswa. Visahani vyote, na hicho kimoja pia, vikalishwe juu ya kikombe kilichofunikwa ndani ya sinia yenye maji kidogo, chungu wasije wakahesabiwa kuwa panya.

Woga huu wa kitu kipya ndio unaowashinda watu wengi wanaotumia sumu. Sumu hutiwa leo, kesho haikuguswa, na mwenye nyumba husema dawa ni mbovu akaihamisha. Kumbe kwa kuihamisha ameifanya kuwa kitu kipya mara ya pili.

MITEGO NA HESABU YAKE

Njia ya tatu ni mitego, ama ya chuma inayobana, ama matundu ya waya yanayomkamata panya akiwa hai. Nazi iliyochomwa, kipande cha ng'onda au karanga zilizosagwa ni chambo kizuri. Mtego wa kubana uwekwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukuta, nao ufungwe kwa uzi ili panya aliyejeruhiwa asiende nao darini.

Mtego mmoja uliotegwa usiku mmoja huhesabiwa kuwa usiku-mtego mmoja. Mitego 40 ikitegwa kwa siku 3 ni usiku-mtego 120. Wakinaswa panya 18, hesabu ni 15 kwa kila 100. Kwa njia hii nyumba yenye mitego 5 na ghala yenye mitego 50 zaweza kulinganishwa kwa haki. Mitego iliyofyatuka bila kunasa iandikwe mbali, kwa maana mtego uliofyatuka saa 2 ya usiku haukufanya kazi tena mpaka asubuhi.

Huko Morogoro, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamewafuatia panya wa mashambani kwa miaka mingi. Wao huwakamata wakiwa hai, huwatia alama, huwaachia, kisha hutega tena. Ikiwa wametiwa alama panya 30, na mara ya pili wakanaswa 40 ambao kati yao 12 wana alama, huzidisha 30 kwa 40 na kugawanya kwa 12, wakapata kwamba panya wa shamba lile ni kadiri ya 100. Hesabu za namna hiyo zilionyesha kwamba mvua za vuli zikinyesha sana, panya wa mashambani huanza kuzaa mapema, na mkulima huweza kuonywa kabla ya mwaka wa hasara. Bila shaka hapana mtu wa Ndia Kuu atakayekubali panya aachiwe tena jikoni mwake; lakini fundisho la Morogoro lafaa mjini vilevile, kwamba anayeandika hesabu mwaka hata mwaka huweza kuona hatari kabla haijafika.

VIROBOTO NA TAUNI

Ziko sababu za kuhesabu zilizo nzito kuliko mchele uliopotea. Tauni ilipotoka Hong Kong mwaka 1894 ilifika Bombay mwaka 1896, na kutoka huko ikapita katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi kwamba ugonjwa hutoka kwa panya kwa njia ya kiroboto. Mwaka 1902 tauni ilipotokea Nairobi, mtaa wa biashara wa Wahindi ulitiwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Katika wilaya ya Lushoto, Tanzania, ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980, na katika miaka zaidi ya 20 iliyofuata uliwapata watu zaidi ya 7,000. Madagaska, mwaka 2017, wagonjwa walizidi 2,000.

Tauni huwaua panya kwanza. Panya akifa na mwili wake ukipoa, viroboto humwacha wakatafuta damu nyingine, hata ya mtu. Kwa sababu hiyo mahali penye shaka ya tauni viroboto huuliwa kwanza kwa dawa, ndipo panya huuliwa baadaye. Mtu anayewaua panya wengi kwa haraka mahali pa namna hiyo huwafukuza viroboto waende kwa watoto wake.

Kwa ajili hiyo wataalamu huwahesabu viroboto pia. Panya aliyenaswa hai huchanwa manyoya juu ya beseni jeupe, viroboto wakahesabiwa, na jumla yao ikagawanywa kwa idadi ya panya waliochunguzwa. Viroboto wa panya wa nchi za joto wakizidi 1 kwa kila panya, ni ishara ya hadhari. Kazi hii ni ya watu wa afya waliofundishwa, wala mwenye nyumba asiijaribu. Lakini jambo moja ni la kila mtu: panya wengi wakionekana wamekufa bila mtego wala sumu, wasiguswe kwa mikono mitupu, na Bwana Afya aambiwe siku ile ile.

Mkojo wa panya nao una hatari. Mwaka 2022, mkoani Lindi, Tanzania, watu walipata homa iliyotambuliwa kuwa leptospirosisi, nayo ikaitwa homa ya mgunda. Vijidudu vyake hukaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, na huingia mwilini kwa maji machafu yanayogusa jeraha au macho. Mtu aliyetembea katika maji ya mtaro wakati wa masika, kisha akashikwa na homa kali na maumivu ya misuli, na aende hospitali na amweleze daktari habari ya maji hayo.

BANDARI NA SHERIA

Kuchunguza panya ni kazi ya zamani bandarini. Mapatano ya afya yaliyofanywa Paris mwaka 1926 yalidai kwamba meli zichunguzwe na kupewa hati ya kuonyesha kwamba hazina panya au kwamba panya wake wameuawa. Tangu mwaka 2007, chini ya kanuni mpya za afya za mataifa, mahali pa hati ile pamechukuliwa na hati ya usafi wa meli nzima. Nazo sahani za bati zilizovikwa katika kamba za kufungia meli zina kazi ya kumzuia panya asiifuate kamba kati ya meli na gati.

Nchi kavu nako kuna sheria. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya, yataka maghala ya vyakula yajengwe kwa namna isiyoruhusu panya kuingia, tena hairuhusu watu kulala katika chumba kinachowekwa chakula cha kuuza. Mwenye duka anayeweka daftari la vibao na mitego ana ushahidi mkononi wa kazi aliyoifanya, siku Bwana Afya atakapokuja.

KAZI YA MTAA MZIMA

Yote yaliyosemwa hayataleta faida kubwa yakifanywa na nyumba moja peke yake. Mahali ambapo ukuta mmoja ni wa nyumba mbili, panya aliyefukuzwa kwa huyu hulala kwa yule. Kwa hiyo yafaa nyumba za safu moja zipatane kufanya hesabu kwa pamoja, katika juma moja, kwa vibao vingi sawasawa. Daftari moja latosha. Liandikwe nyumba, tarehe, mahali pa kila kibao, vibao vilivyokanyagwa, panya walionaswa na aina yao. Baada ya siku chache hizo safu itajua nyumba ipi ndiyo kiota na zipi ni njia tu. Wala mwenye nyumba iliyoonekana kuwa kiota asionewe haya. Pengine ufa uko katika ukuta ambao ni wa wawili.

Baada ya hesabu huja kazi yenyewe. Mianya ya boriti izibwe kwa chokaa iliyochanganywa na vipande vya mawe, au kwa wavu wa chuma, kwa namna isiyoharibu nyumba ya kale. Milango ya maduka ipigwe bati chini, na nafaka iwekwe katika mapipa yenye vifuniko juu ya vichanja. Takataka zitolewe kabla ya usiku. Mitego na sumu zifuate hapo. Sumu iwekwe ndani ya visanduku vilivyofungwa, mahali ambapo mtoto, paka au kuku hafiki. Na mizoga itafutwe kila asubuhi, maana sumu nyingi za siku hizi huzuia damu isigande, na paka au kunguru akila panya aliyekufa kwa sumu hiyo aweza kufa naye.

Kisha hesabu irudiwe baada ya mwezi 1, baada ya miezi 3, na tena masika yanapokwisha, kwa kuwa maji ya mvua huwatoa panya katika makaro na kuwatia majumbani. Hesabu ikishuka na kukaa chini, kazi ilikuwa njema. Ikishuka kisha ikapanda, liko shimo ambalo halijazibwa au pipa ambalo halijafunikwa, na daftari litaonyesha ni upande gani. Wazee husema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa nyumba za Ndia Kuu, ambazo kuta zake hazijengeki tena kwa urahisi, ni afadhali ufa utafutwe mapema, na vibao 30 vya unga vyaweza kuonyesha ulipo.